Kutoka Subira hadi Mize: kisa cha mhusika mkuu aliyefunikwa na shangazi yake

Mhusika mkuu anaitwa Subira, lakini msomaji akishafunga mswada anayemkumbuka ni shangazi yake. Hilo ndilo tatizo la kisa hiki, na linaua riwaya nyingi kuliko makosa ya sarufi. Mswada wenyewe tumeutunga kwa ajili ya uchambuzi huu. Hauko dukani, wala si wa mwandishi fulani; hata "mwandishi" tutakayemtaja ni wa kubuni. Tumekusanya ndani yake makosa yanayojirudia katika rasimu za riwaya, tukayapa mahali pamoja na kazi moja, ili kila pendekezo lipimwe juu ya ukurasa lisibaki nasaha ya hewani.

Mahali ni kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja. Kazi ni kilimo cha mwani, ambacho kama biashara kilianza upande huo, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na mikono yake mingi hadi leo ni ya wanawake. Mkulima anakita vigingi, anatandaza kamba kati yake, anafunga vipande vya mbegu kwa vikamba vidogo viitwavyo taitai, kisha anasubiri wiki sita hivi ndipo avune. Kazi hufanywa wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali. Aina zinazolimwa ni mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ina bei nzuri zaidi, lakini maji ya kina kifupi yakishika joto inakufa. Anayeitaka kweli inambidi aihamishie maji ya kina, na huko hakwendeki bila chombo, wala si mahali pa mtu asiyejua kuogelea. Tunayasema haya mapema kwa sababu mhusika mpya atatoka humo humo kwenye kamba na maji, hatatoka kwenye orodha ya sifa.

Rasimu ya kwanza

Mswada una maneno 58,000, sura 24, matukio 61. Subira ni mjane wa miaka 34 mwenye watoto watatu. Sura ya kwanza anaamka alfajiri, anatazama bahari, na kwa kurasa 11 anakumbuka ndoa yake, kifo cha mumewe na madeni. Sura ya pili wakala wa kampuni inayonunua mwani anashusha bei; Subira analia. Sura ya tatu mtoto anaugua. Sura ya nne jirani anamkopesha. Sura ya tisa wanawake wanamchagua kuwa mwenyekiti wa kikundi kwa sababu wote wanampenda. Sura ya 14 anafika mgeni kutoka mjini na kuwafundisha kutengeneza sabuni ya mwani. Sura ya 20 wakala anakamatwa na polisi kwa kosa ambalo halijawahi kutajwa. Sura ya mwisho Subira anatazama bahari tena, safari hii akitabasamu.

Hivi ndivyo mswada unavyoanza:

"Subira alikuwa mwanamke mvumilivu, mwenye moyo safi na upendo kwa kila mtu. Tangu mumewe afariki dunia maisha yalikuwa magumu mno, lakini hakukata tamaa. Aliitazama bahari, machozi yakamlengalenga."

Sentensi hizo hazina kosa la lugha. Shida ni kwamba msomaji amekabidhiwa hukumu kabla ya ushahidi. Ameambiwa Subira ni mvumilivu. Atakachofanya kwa kurasa mia mbili zijazo ni kuhakikisha, na hakuna anayesoma riwaya ili kuhakikisha.

Shangazi anaitwa Bi Kazija. Anatokea katika matukio sita tu. Katika mawili anatia mchanga chini ya gunia la mwani ili mzani upande, kwa sababu anataka sakafu ya saruji kabla hajafa. Hataki mwili wake uje kuoshwa juu ya udongo. Mwandishi alimweka achekeshe, lakini ndiye aliye hai kuliko wote. Sababu haina muujiza wowote: anajua anachotaka, kinahesabika kwa mifuko, ana njia yake ya kukipata, na njia hiyo inaweza kumwaibisha mbele ya kijiji kizima.

Mhusika wa pembeni akimfunika mhusika mkuu, waandishi wengi humkata yule wa pembeni. Ni kosa kubwa. Yeye ndiye mwalimu uliyejiletea mwenyewe bila kujua. Kaa naye uulize kilichompa pumzi.

Kalamu mbili

Kabla ya kubadilisha neno hata moja, mswada usomwe na kalamu mbili mkononi. Nyekundu ipige mstari kila mahali mhusika mkuu anapoamua jambo, na kwa uamuzi huo tukio linalofuata likawa tofauti na ambavyo lingekuwa. Buluu ipige mahali jambo linapomfika tu. Kulia hakuhesabiwi. Kukumbuka hakuhesabiwi. Kukubali alichopendekeza mtu mwingine kuhesabiwe kwa nusu mstari.

Katika matukio 61, Subira alipata nyekundu tano, na tatu kati ya hizo zilikuwa nusu mstari: alikubali mkopo, alikubali uenyekiti, alikubali mafunzo. Bi Kazija alipata nyekundu katika matukio yake yote sita.

Kipimo tunachokipendekeza ni hiki: sura tatu za mwanzo ziwe na nyekundu kamili mbili angalau, na pasiwe na matukio zaidi ya matatu mfululizo yasiyo na nyekundu. Si sheria ya vitabuni. Ila mswada ukiwa na matukio tisa mfululizo yasiyo na nyekundu kamili, kama huu ulivyokuwa kuanzia sura ya pili hadi ya tano, msomaji anaanza kumhurumia mhusika, na huruma tupu huchoka upesi. Tunamhurumia mtu kwa dakika chache. Tunamfuata mtu anayetaka kitu.

Mwandishi alikuwa na kurasa tisa za wasifu wa Subira: tarehe ya kuzaliwa, chakula anachokipenda, rangi, urefu, jina la mwalimu wake wa darasa la nne. Tulipotafuta ni kiasi gani kimeingia kwenye hadithi tulipata mistari minne. Wasifu wa namna hiyo humpa mwandishi hisia kwamba anamjua mtu wake, lakini hausukumi tukio hata moja, kwa kuwa hakuna mstari ndani yake unaogombana na mstari mwingine. Tuliuweka kando, tukaandika mistari mitano mipya kwenye kadi moja:

Anataka: mtumbwi wa shilingi laki nane, aupate kabla kusi (upepo wa kusini) halijaanza, ili apande kotonii maji ya kina.
Anaogopa: maji yanayopita kifua. Hajui kuogelea.
Anaamini: anayedaiwa hana sauti.
Anafanya bila kufikiri: anahesabu, kisha anaandika kwenye daftari.
Hawezi kusema: kaka yake Pandu aliingia baharini siku ya dhoruba ili apate pesa ya kulipa deni la dukani, na deni lilikuwa la mhusika mwenyewe.

Tazama jinsi mistari inavyogongana. Anachokitaka kiko ndani ya kile anachokiogopa. Laki nane hana, na kukopa kunapingana na anachoamini. Anachoamini kimezaliwa na kile asichoweza kusema. Hata tarehe ya mwisho haikubandikwa tu: mwenye mtumbwi ni mzee anayehamia mjini kwa mwanawe, na hataki kupitisha msimu mwingine wa kusi kijijini. Kadi ikishakuwa na migongano mitatu ya namna hii, matukio yanaanza kujileta. Isipokuwa nayo, hata uandike kurasa 90 za wasifu, utabaki unasukuma mkokoteni usio na magurudumu.

Mstari wa nne ndio tunaoupenda zaidi. Kuhesabu na kuandika ni sifa yake na ni dosari yake, vyote kwa pamoja. Humfanya mwaminifu, humfanya pia mtu anayekuandikia fadhila yake kama deni. Waandishi wengi hutafuta dosari kama mtu anayetafuta kitoweleo: mhusika ni mwema, basi tumpe hasira kidogo, au tumfanye msahaulifu. Dosari ya kubandikwa hubanduka kwenye sura ya tatu. Itafutwe kwenye shina lile lile lililozaa sifa.

Jina lilibadilika pia. Kumpa mhusika jina linaloeleza tabia yake, yaani majazi, ni desturi ya heshima katika fasihi yetu. Utubora na Karama wa Shaaban Robert ni majina yanayobeba maana mbele ya macho ya kila mtu, na katika hadithi za fumbo na maadili yanafanya kazi kwa sababu msomaji ameitwa kuupima wema wenyewe. Katika riwaya ya kijiji halisi, mwanamke aitwaye Subira anayesubiri ni hadithi iliyokwisha jaladani. Alipewa jina la Mize, jina la kawaida la Unguja lisiloahidi chochote. Na hakubaki mjane. Mume yuko hai, yuko dago, kambi ya wavuvi, huko kaskazini kwa mke mdogo, na binti wa mke mdogo, Mwache wa miaka 15, ameletwa kijijini kusoma, anaishi chini ya paa la Mize. Kifo cha mume kilikuwa kimemwondolea mhusika maswali yote magumu na kumwachia machozi tu.

Kumhamisha upande wa pili wa mzani

Badiliko kubwa kuliko yote halikuwa la tabia, lilikuwa la kiti. Katika rasimu ya kwanza Subira anasimama kwenye foleni na gunia lake, anasomewa kilo, anasikitika. Sasa Mize ndiye anayesoma. Wakala, Makame, anahitaji karani wa mzani siku za ununuzi. Mize ana hesabu nzuri na anataka fedha ya mtumbwi. Ameichukua kazi. Kila siku ya ununuzi anakaa kati ya kampuni na wanawake aliokua nao.

Mhusika mkuu akiwa amelala, jiulize ni nani katika hadithi yako anayeshika kitu ambacho wengine wote wanakihitaji: ufunguo, usukani, kalamu, mzani. Halafu jiulize kwa nini si yeye.

Hili ndilo tukio la kwanza la rasimu mpya:

"Mzani ulisimama kwenye 31. Mize hakuandika. Alitia mkono ndani ya gunia, akaupeleka mpaka chini kabisa, akautoa umejaa mchanga. Nyuma ya Bi Kazija walikuwa wanawake kumi na mmoja kwenye foleni, na wote waliuona ule mkono.
'Ishirini na tisa, shangazi,' alisema, akaandika.
Bi Kazija alijifunga kanga upya, taratibu, kama mtu anayeazima muda.
'Haya, karani,' alisema.
Usiku Mize alipita uani kwa shangazi yake, akaacha bei ya kilo mbili chini ya mtungi. Akarudi nyumbani, akawasha taa, akafungua daftari lake: Shangazi, kilo mbili, namdai."

Hakuna neno la sifa humo. Msomaji anajua sasa kwamba Mize hapindishi hesabu hata kwa aliyemlea, kwamba anampenda, na kwamba mapenzi yenyewe ameyaandika kama deni. Vitu vitatu visivyokaa pamoja kwa amani, ndani ya maneno yasiyofika mia. Swali linalomfungulia sura ya pili halihusu kama maisha ni magumu. Ni mtu gani huyu anayetoa pesa yake kwa siri kisha anaidai?

Neno moja linafanya kazi kubwa hapo, nalo ni "karani". Bi Kazija amemlea Mize tangu utoto na siku zote humwita mwanangu. Kumwita karani mbele ya watu ni kumvua undugu. Kwetu majina ya ukoo na heshima ni chombo cha mwandishi ambacho hakihitaji maelezo yoyote: shangazi, mwanangu, mama mkubwa, mwenzangu. Rasimu ya kwanza ilikuwa na watu wanaoitana majina matupu kana kwamba wamekutana stendi ya basi. Katika rasimu mpya Mwache anamwita Mize "mama mkubwa", na Mize, kwa sura nyingi, hamtaji kwa jina. Anasema "mtoto wa mwenzangu". Atakapolitamka jina la Mwache kwa mara ya kwanza, msomaji aliyekuwa makini atahisi mlango umefunguka bila kuambiwa chochote.

Kuna chambo kidogo pia ambacho hakikuwekwa kwenye dondoo hilo lakini kimo katika ukurasa ule ule: kioo cha mzani kimeingia madoa ya kutu upande wa sifuri, hivyo mshale hauonekani vizuri mzani ukiwa mtupu. Kinatajwa mara tatu kabla ya sura ya 12, kila mara kwa nusu sentensi, na kila mara katikati ya jambo jingine. Mara moja tu, msomaji atasahau. Mara tano, atagundua kabla ya wakati.

Sura ya 12

Bi Kazija amepata mfuko wake wa mwisho wa saruji. Unaletwa kwa mkokoteni siku ya ununuzi. Mize anataka kuhakikisha shangazi yake hakupunjwa dukani, maana ndivyo alivyo, hupima kila kitu. Anautundika mfuko kwenye mzani. Umeandikwa kilo 50. Mzani unasoma 48.

Anakasirikia duka. Anakwenda huko, anaazima mfuko mwingine ambao haujafunguliwa, anaupima. Arobaini na nane. Anakaa kitako juu ya mifuko. Anafanya hesabu ambayo msomaji anaifanya pamoja naye: mzani huu unakula kilo mbili kwa kila gunia. Siku ile ya kwanza, gunia la shangazi lilikuwa na uzito wa kweli wa 33, mbili zikiwa mchanga, 31 zikiwa mwani. Mzani ulisoma 31. Ulisoma haki kamili ya Bi Kazija, na Mize akaipunguza mbele ya watu kumi na mmoja.

Shangazi hakuwa akiiba. Alikuwa akirudisha.

Hapa ndipo tabia na msuko vinapokuwa kitu kimoja. Ugunduzi haukuletwa na mgeni wala barua iliyookotwa. Umeletwa na mazoea ya Mize mwenyewe ya kupima, na unamuumiza kwa mazoea yake mwenyewe ya kuandika: katika daftari mna miezi saba ya kilo za uongo kwa mwandiko wake. Sadfa katika riwaya inavumilika inapomtia mhusika matatani. Inapomtoa, msomaji anahisi kadanganywa. Ndiyo maana mgeni wa sabuni na polisi wa sura ya 20 waliondolewa wote wawili.

Makame naye ilibidi ajengwe upya. Katika rasimu ya kwanza alikuwa na meno ya dhahabu na kicheko kibaya. Adui wa namna hiyo humpunguza mhusika mkuu, kwa sababu kumpinga hakuhitaji fikra. Makame wa sasa ni kijana wa kijiji hicho hicho, ndiye anayewagawia wanawake kamba na taitai za kampuni kwa sharti la kumuuzia yeye peke yake, na ana hoja. Mjini wakipokea mwani wenye mchanga au uliokauka nusu, wanamkata yeye. "Kilo mbili hizo ndizo zinazolipa mchanga wao," anamwambia Mize. Wanawake hutia mchanga kwa sababu mzani unapunja. Mzani unapunja kwa sababu wanawake hutia mchanga. Nani alianza? Hakuna anayejua tena, na mwandishi asithubutu kutoa jibu. Kisha Makame anaweka mbele ya Mize kitu anachokitaka: atamnunulia mtumbwi kwa mkopo usio na haraka. Sharti lake ni kuendelea kusoma anachosoma mshale.

Uamuzi mzuri katika riwaya una gharama pande zote mbili, na gharama zinatajika. Akinyamaza: anapata mtumbwi, anakuwa mdaiwa wa Makame, na kila siku ya ununuzi anamtazama shangazi yake usoni. Akisema: mtumbwi unakwenda, kazi inakwenda, wanawake wanaweza kunyimwa kamba, na itambidi asome hadharani alichokiandika yeye. Ukiona upande mmoja wa mizani ya uamuzi hauna kitu, hujamaliza kuuandika.

Yaliyoharibika katika rasimu ya pili

Mabadiliko hayo yalileta makosa mapya, na ni vyema yaelezwe kwa sababu hufuatana na matengenezo ya namna hii karibu kila mara.

La kwanza: Mize aligeuka jiwe. Katika sura ya tatu hadi ya sita alikuwa akidai, akihesabu, akinuna, na kurasa zilipoa. Dawa inayotumiwa ovyo ni kumpa mhusika tendo la huruma, amlishe paka au ambusu mtoto. Halikusaidia hapa, lilionekana limebandikwa. Kilichosaidia ni ustadi na ucheshi. Kuna tukio moja ambapo Mize anapita katikati ya majamvi, anaubana mwani kiganjani, na bila mzani anamwambia kila mwanamke gunia lake litakuja kilo ngapi. Wanawake wanamtania, wanawekeana dau la chai, anakosea gunia moja kwa robo kilo na anakasirika kweli kweli. Tunapenda kumtazama mtu anayeijua kazi yake, hata kama hatutaki awe jirani yetu. Ukurasa mmoja na nusu ulitosha.

La pili lilikuwa kuchimba moyo. Mwandishi aliogopa msomaji hataelewa, kwa hiyo baada ya kila tendo akaweka maelezo: "alihisi kwamba", "alijua ndani ya nafsi yake kwamba", "alitambua sasa kuwa". Tulihesabu mahali 27. Zilibaki sita, zote katika matukio ambayo tendo na hisia vinapingana. Njia ya kuzipunguza ni ya kifundi tu: tafuta maneno hayo kwa programu ya kuandikia, futa sentensi nzima, soma tukio bila hiyo. Kama maana imebaki, sentensi haikuwa na kazi. Kama maana imepotea, basi tendo lenyewe ndilo dhaifu. Litengeneze tendo, usirudishe maelezo.

Katika hofu hiyo hiyo mwandishi alijaribu kuihamishia hadithi kwenye nafsi ya kwanza. Kwa mhusika huyu ilikuwa sumu. Mtu anayeficha deni la moyo kwenye daftari hawezi kukusimulia mambo yake kwa ulaini. Akisimulia, anakuwa mtu mwingine. Ilirudishwa nafsi ya tatu, lakini msimulizi asione kitu chochote ambacho Mize hakioni, wala asiingie kichwani mwa mtu mwingine. Rasimu ya kwanza iliruka vichwani mwa watu wanne ndani ya sura moja.

Kisengerenyuma, yaani zile kurasa 11 za kukumbuka ya nyuma, kilikatwa chote. Habari za Pandu zilisambazwa: sentensi mbili katika sura ya kwanza, ambapo Mize anarudi nyuma maji yanapofika kiunoni, tatu katika sura ya nne, anapolipia sukari kwa taslimu ingawa muuza duka amemwambia alipe kesho, na ukweli wote katika sura ya tisa. Msomaji akishaona mara kadhaa mtu anakwepa jambo, yeye mwenyewe anakuja kuliomba. Kumpa kabla hajaliomba ni kumnyima hamu.

Lugha ya mazungumzo haikusumbua sana, ila methali. Katika rasimu ya pili Bi Kazija alisema methali 14. Mzee si kamusi ya methali. Alibakishiwa moja, akapewa mazoea yanayomtambulisha: akiulizwa swali anajibu kwa amri. "Shangazi, umekula?" "Kaa." Mize naye hasemi "naomba", kamwe, na huwa na idadi mdomoni. Jaribio ni kufunika majina kwenye kurasa mbili za mazungumzo; usipoweza kujua nani anasema, bado wote ni wewe. Lafudhi ya kusini mwa Unguja ilitumika kwa maneno machache ya wanawake wakiwa pwani tu, na msimulizi akabaki kwenye Kiswahili sanifu. Kuandika lafudhi neno kwa neno humchosha hata aliyezaliwa nayo.

Sura ya 17 ndiyo tuliyoitengeneza mara nyingi kuliko zote. Mize anajifunza kuogelea, na anayemfundisha ni Mwache. Mwanzoni lilikuwa tukio la maneno mengi kuhusu uoga na kusameheana. Toleo lililobaki lina maji ya kifua, mikono miwili ya msichana chini ya mgongo wa mtu mzima, na amri moja: "Lala, mama mkubwa." Hawezi. Analala, anainuka, anameza maji, anahesabu mawimbi kwa sauti kama mtu anayehesabu gunia. Mara ya tano anaacha kuhesabu, na kitu pekee anachokisema ni "Mwache, usiniachie." Mtu ambaye maisha yake yote amekataa kudaiwa amelala juu ya mikono ya mtoto wa mke mwenzake. Imani ya kwenye kadi, ule mstari wa tatu, inavunjika hapo, ndani ya mwili wake, na usiku huo haandiki kitu.

Bila sura ya 17, anachokifanya sura ya 23 kisingeaminika. Anasimama siku ya ununuzi, anafungua daftari mbele ya foleni, anaanza na jina la Bi Kazija, tarehe, kilo alizoandika, kilo alizostahili. Rasimu ilikuwa na kurasa nane zaidi za shangwe na Makame kukimbia. Zilikatwa. Tukio linaishia kwenye jina la tatu, wakati mwanamke mmoja nyuma anapouliza, "Na kamba msimu ujao atatupa nani?"

Kilichobaki kutengenezwa ni mume. Anarudi kutoka dago sura ya 19, anakula, analala, anaondoka sura ya 20, na kalamu nyekundu haikumgusa Mize mara hata moja alipokuwepo. Ama atolewe, abaki sauti kwenye simu, ama aje na kitu kinachomlazimisha mkewe kuchagua. Pendekezo letu ni aje na laki tano, zake halali, apewe Mize bila sharti wala riba wiki ile ile aliyokataa za Makame. Pesa ya adui ni rahisi kuikataa. Hizi itambidi azipokee kutoka kwa mtu anayempenda, na azitafutie mahali pa kuziandika.